Ile ahadi ya uaminifu ya paredi ya Ijumaa: tulikuwa tukimwahidi nani?

Mwanamaji wa Kongowea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu, shikamooni.

Juzi nilikuwa napanga vitu vya marehemu mama. Chini kabisa ya sanduku nikakuta daftari langu la darasa la nne. Jalada limeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko unasomeka. Ukurasa wa mwisho, kwa penseli, nimeandika ile ahadi ya uaminifu tuliyokuwa tukiisema paredi bendera ikipanda. Wakenya mliosoma enzi ya Mzee Moi mnaijua. Kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Lungalunga, yaani Watanzania, maana yake ilikuwa hivi: naahidi uaminifu wangu kwa Rais na taifa la Kenya, utayari na wajibu wangu wa kuilinda bendera ya Jamhuri yetu, uhai wangu, nguvu zangu na utumishi wangu katika kazi ya kujenga taifa, kwa moyo ulio hai wa Harambee, unaoendelezwa katika falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja.

Tuliisema kwa Kiingereza. Mimi nyumbani Kiswahili, chuoni (madrasa) Kiarabu cha kukariri, shuleni Kiingereza cha kukariri. Pale penye neno la "unaoendelezwa", kwa Kiingereza "perpetuated", daftarini nimeandika "papechuweti". Ndivyo lilivyoniingia masikioni, na ndivyo nilivyoahidi miaka yote ile. Mwalimu kasahihisha hesabu za ukurasa wa nyuma yake kwa wino mwekundu, kila kosa kalipiga mkasi. Papechuweti hakuigusa.

Nikakaa nalo kitandani kwa mama nikaisoma taratibu, kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu. Angalieni mpangilio. Anaanza Rais, ndipo lije taifa. Bendera ya tatu. Na mwisho kabisa Nyayo. Mzee Kenyatta alipofariki hapa kwetu Mombasa, Agosti 1978, Moi alisema atafuata nyayo za aliyemtangulia. Haikuchukua muda, nyayo zikawa zake mwenyewe, sisi ndio wa kuzifuata. Kwa hiyo mtoto alifungua kinywa kwa Rais na akakifunga kwa Rais. Taifa lilibanwa katikati kama abiria wa nne kwenye kiti cha matatu.

Halafu kuna jambo jingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sawa, deni lina mdai. Tulikuwa tunadaiwa na nani? Rais naye huapa, sikatai, lakini huapa siku ya kuingia madarakani na imeisha mpaka muhula mwingine. Mimi wa miaka kumi niliahidi kila wiki. Mtu anayekuahidisha kila Ijumaa jambo lile lile, si anakuambia kwamba la Ijumaa iliyopita hakuliamini?

Na mwaka 1984 Mzee mwenyewe alifika kutoka Addis Ababa akatoa ile hotuba: mawaziri, wasaidizi wao na wengine wote waimbe kama kasuku baada yake, kama yeye alivyomwimba Kenyatta. Wazee nyumbani walinong'ona. Sisi watoto tulishangaa watu wazima wanashangaa nini, maana sisi tulishakuwa kasuku zamani.

Simkashifu mtu. Maziwa ya Nyayo niliyanywa, yale ya pakiti ya pembetatu, na sikurudisha hata tone. Nauliza tu: ahadi ya namna hii humfanya nini mtoto, na humfanyia nini anayeahidiwa?

Sharubati ya Ukwaju

Mkuu papechuweti imeniua hapa ofisini, bosi ananitazama.

Sisi Bongo tulikuwa na ahadi za mwana TANU, baadaye CCM. Pale penye "Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko", mimi mpaka darasa la tano nilijua mwiko ni ule wa kusongea ugali. Mama yangu alikuwa akitupiga nao. Nikaelewa kwamba ukileta fitina unachapwa mwiko. Na kusema kweli sikuwa mbali sana na maana.

Nimeweka kambi, endeleeni.

Binti wa Kalenga

Uzi mzuri. Nami nitaanzia hapo kwa Sharubati, maana watu wanachanganya hizi ahadi kana kwamba zote ni moja.

Shule yetu ilikuwa Iringa vijijini. Mchakamchaka alfajiri, umande mpaka magotini, halafu mstarini. Ahadi tulizisema kwa Kiswahili, na hilo peke yake ni tofauti kubwa na hiyo ya Mwanamaji. "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Hiyo ndiyo ya kwanza. Hakuna Rais hapo, hata Tanzania yenyewe bado hatujaifikia, umeanza na binadamu. Kisha utaitumikia nchi na watu wake wote. Kisha rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Kisha ile ninayoipenda: "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu."

Sasa niwape kisa. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akituma wanafunzi wakamlimie shamba lake saa za masomo. Siku moja mstarini tumefika kwenye cheo ni dhamana, wavulana wa darasa la saba wakapandisha sauti hapo tu. CHEO NI DHAMANA! Halafu wakarudi sauti ya kawaida. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na safari hii shule nzima. Hakuna aliyeweza kuadhibiwa. Ungemwadhibu mtoto kwa kosa gani, kwa kusema ahadi ya chama kwa nguvu? Yule mwalimu hakuacha shamba lake, siwadanganyi, ila alianza kutuma watu wachache na kwa kujificha.

Ndiyo maana swali la Mwanamaji la mdai ni nani nimelipenda. Ahadi ile ya kwetu ilimpa hata mdogo cha kumdai mkubwa.

Lakini sitaipamba. Ya mwisho ilikuwa nitakuwa mwanachama mwaminifu wa chama na raia mwema wa Tanzania na Afrika. Mtoto wa miaka tisa! Nchi ilikuwa ya chama kimoja tangu 1965, na pale mstarini mwanachama mwaminifu na raia mwema vilikaa sentensi moja, pumzi moja. Ukitaka kuwa kimojawapo bila kingine, pa kupumulia hapakuwepo.

Mwalimu Mstaafu 1971

Mwanamaji, marahaba.

Nimefundisha shule za msingi Mkoa wa Pwani na baadaye Bonde la Ufa. Ninyi vijana mnaikagua ile ahadi kama mafundi wa saa. Sisi tuliokuwa tukisimamia paredi tuliona kitu kingine. Darasani mwangu kulikuwa na Mgiriama, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, Mtaita, na mtoto wa Kihindi mmoja. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake na masimango yake juu ya wengine. Mahali pekee walipotamka neno moja kwa pamoja ni pale mlingotini. Agosti mosi 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Siku ile tulikaa ndani tukisikiliza redio, hatujui kesho kuna nchi au hakuna. Shule zilipofunguliwa, kusimama tena chini ya bendera kuliniondolea hofu mimi mtu mzima.

Hilo la kutoelewa maneno nalo si hoja. Qurani hukaririwa kabla ya kufasiriwa. Katekisimu vivyo hivyo. Neno hutangulia, maana hufuata. Wewe mwenyewe leo, miaka karibu arobaini baadaye, umeketi unaifasiri. Ingekuwa haikukaririshwa ungefasiri nini?

Sharubati ya Ukwaju

Mwalimu kafunga goli. Mwanamaji jibu hapo.

Mwanamaji wa Kongowea

Mwalimu, kwa heshima. Ni kweli Juzuu Amma niliikariri kabla ya kuielewa, na sikujuta. Ila Mola hakuhitaji kura yangu baadaye. Mwaka 1988 wakubwa zetu walipangishwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi. Waliokuwa na umri wa kupiga kura mara ya kwanza mwaka ule walikuwa wamepangwa mistari paredi utoto wao wote. Kupanga mistari na kuitikia walishajua. Kuuliza ndiko hawakufundishwa.

Mdau wa Columbus

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Ohio mwaka wa 14 huu, kwetu asili ni Tanga.

Msidhani haya ni ya Afrika au ya chama kimoja. Huku Marekani kila asubuhi spika ya darasani inalia, watoto wanasimama, mkono wa kulia kifuani, wanaiahidi uaminifu bendera na jamhuri inayowakilishwa na bendera hiyo. Mwanangu alirudi wiki ya kwanza ya shule ananiuliza, "Baba, bendera inasikia?" Sikuwa na jibu.

Nikaitafuta historia yake, inachekesha na kutisha. Iliandikwa 1892 na mchungaji wa Kibaptisti, Francis Bellamy, msoshalisti kabisa tena bila kujificha. Alikuwa akifanya kazi kwenye gazeti la vijana lililokuwa likiuza bendera kwa mashule. Ilikuwa sherehe ya miaka 400 ya safari ya Columbus, na gazeti likaipigia debe ahadi pamoja na bendera zake. Yaani ibada nzima ya taifa ilizaliwa mlango mmoja na duka.

Mwanzo ilisema "bendera yangu". Miaka ya 1923 na 1924 wakabadilisha, ikawa bendera ya Muungano wa Madola ya Amerika, kwa kuwa wahamiaji ni wengi, mtu asije akasema bendera yangu huku moyoni anaiwaza ya kwao. Tuliofika juzi tumekuwa tukishukiwa tangu hapo! Na zamani mkono hawakuweka kifuani, waliunyoosha mbele kuelekea bendera. Hitler alipokuja na saluti yake, picha za watoto wa Marekani zikawa zinatia aibu. Desemba 1942 Bunge lao likaagiza mkono urudi kifuani. Mwaka 1954, vita baridi imepamba moto, Rais Eisenhower akatia saini kuongeza maneno "chini ya Mungu", wasifanane na Wakomunisti. Ahadi iliyotungwa na mchungaji msoshalisti bila kumtaja Mungu, ikatiwa Mungu ili kuwakomoa wasoshalisti.

Mwanangu ana haki ya kukaa kimya, mahakama ilishasema. Lakini jina lake ni Abubakar na darasani yuko peke yake. Akikaa mtoto mwenyeji, watu wanasema ana msimamo. Akikaa Abubakar watasemaje? Nilimwambia simama, baba. Sikumwambia aseme wala asiseme.

Mimi mwenyewe nimekula kiapo cha uraia huku. Kile si mchezo: unatamka wazi kwamba unaukana utii kwa dola yoyote ya kigeni. Mkenya baada ya katiba ya 2010 anaweza kubaki na uraia wake wa kuzaliwa. Mimi Mtanzania, neno lile likishatoka kinywani, pasipoti ya Tanzania basi. Nilisimama na watu wengi ukumbini, wanapunga vibendera, nami naona herufi za karatasi zinacheza. Nikitoka nje nikampigia mama. Akaniuliza, "Umekula?" Alimaanisha chakula.

Mpambe wa Shela

Mdau, mama yako kasema kubwa bila kujua.

Kwa Kiswahili kiapo hakisemwi, kiapo huliwa. Mtu hula kiapo, hula yamini. Kinacholiwa huingia tumboni, na kikiwa cha uongo kinamdhuru mlaji. Wazee walipoapishana kwa kitu cha kunywa au kulamba walijua wanafanya nini. Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, watu walibebwa kwa malori kwenda Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta, kulishwa kiapo kwamba uongozi hautatoka nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Kulishwa! Lugha haikukosea hapo.

Ahadi, kwa upande mwingine, hutolewa. Inatoka kwako kwa hiari yako, ndiyo maana ni deni. Sasa hicho cha paredi ni kipi? Jina lake ahadi, lakini hukutoa wewe, umewekewa mdomoni. Kinalishwa kama kiapo na kinadaiwa kama ahadi. Mimi naona ni mnyama wa tatu, na Kiswahili bado hakijampa jina.

Bukavu Moja

Mimi niko Bukavu. Ninyi mulikuwa na bahati ya kuahidi. Kwetu wakati wa Zaire hawakutuuliza hata ahadi. MPR, chama cha Mobutu, kilianzishwa 1967, na sheria ilisema kila Mzaire ni mwanachama, yaani unazaliwa ndani yake. Asubuhi shuleni tuliimba na kucheza mbele ya bendera kumsifu Kiongozi. Hata jina la ubatizo lilikatazwa mwaka 1972, baba yangu akatafuta jina la babu. Sasa wewe umezaliwa mwanachama, utaahidi nini tena? Unacheza tu. Na walikuwa wanaangalia miguu: nani anacheza kwa nguvu, nani anaburuta.

Wakili Bila Kanzu

Bukavu Moja kagusa penyewe. Wanaangalia miguu. Mimi hoja yangu ni hiyo: msihangaike sana na maneno ya ahadi. Tazameni inampata nini asiyeitamka, hapo ndipo siasa ilipo.

Mdau kasema mahakama ya kwao ilishaamua, ila haikuamua mara moja. Mwaka 1935 watoto wawili wa Minersville, Pennsylvania, mmoja miaka 12 mwingine 10, Mashahidi wa Yehova, walifukuzwa shule kwa kutopigia bendera saluti. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani 1940, wakashindwa kwa majaji 8 dhidi ya 1. Mahakama ikasema umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake. Kilichofuata ni watu kuwavamia Mashahidi wa Yehova mitaani, kuwapiga na kuchoma majumba yao ya ibada. Raia walijiona wamepewa ruhusa.

Miaka mitatu tu baadaye, Juni 14, 1943, vita vikiwa vimepamba moto, kesi nyingine ya West Virginia ikafika pale pale. Safari hii majaji 6 kwa 3 wakasema hapana, mtoto halazimishwi. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa, awe mkubwa au mdogo, awezaye kuagiza nini kiwe imani sahihi katika siasa, utaifa au dini, wala kumlazimisha raia aikiri kwa neno au tendo. Na siku yenyewe waliyotoa hukumu ni Siku ya Bendera!

Hapa kwetu Tanzania tunayo yetu. Wanafunzi wa sekondari, Mashahidi wa Yehova pia, waliadhibiwa, wengine kufukuzwa, kwa kutoimba Wimbo wa Taifa. Walisimama kwa adabu, hawakuimba tu. Mahakama Kuu ikawakatalia. Wakaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 wakashinda. Nimekutana na wanasheria wengi tu ambao hawajawahi kuisikia. Zakaria Kamwela na wenzake, itafuteni.

Katika kesi zote hizi hao watoto hawakuwa wakorofi. Hawakuchana bendera, hawakumtukana mtu. Kosa lao lilikuwa ukimya. Serikali inayovumilia kelele za wapinzani wakati mwingine hushindwa kuvumilia mdomo wa mtoto uliofungwa. Mpinzani anabishana nayo, na kubishana ni kuitambua. Yule aliyenyamaza haitambui wala haikatai, na haijui imweke fungu gani.

Binti wa Kalenga

Wakili, hapo umemaliza.

Mwalimu Mstaafu, shikamoo. Kwa adabu zote nina swali. Umesimamia paredi miaka mingi. Je, alikuwepo asiyetamka? Na ulimfanyaje?

Mwalimu Mstaafu 1971

Marahaba binti. Shule ilikuwa na taratibu zake na kila mwanafunzi alizifuata. Hilo la mahakama za Marekani tusilichanganye na mazingira yetu.

Sharubati ya Ukwaju

Mwalimu kapiga chenga ya mwili, ile ya zamani.

Mpambe wa Shela

Sharubati, mwache mzee.

Mwalimu Mstaafu 1971

Nimerudi. Saa saba za usiku, usingizi umekataa. Binti wa Kalenga, uliniuliza nikakupita. Nitakujibu.

Walikuwa wawili, kaka na dada. Mwaka 1986. Baba yao alikuwa fundi cherehani, amehamia pale kutoka mbali, dini yao hiyo hiyo anayoisema Wakili. Ijumaa ya kwanza, bendera inapanda, nikaona katikati ya mistari midomo miwili imefungwa. Wamesimama wima kuliko wote, mikono ubavuni. Kiranja akawaleta mbele. Nikawachapa vitatu vitatu.

Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne nilipoita majina, yule dada alikuja akanyoosha kiganja kabla sijamwambia kitu. Kilikuwa na wino wa bluu hapa kwenye kidole cha shahada. Ndiye aliyekuwa akifagia ofisi ya walimu asubuhi bila kutumwa na mtu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza hesabu. Sasa mimi nilikuwa nataka nini kwake?

Nimelifikiria sana jioni hii, nanyi mmenifanya nilifikirie. Mwaka ule ndio wa Mwakenya, lile kundi la siri la kuipinga serikali. Watu walikuwa wakichukuliwa, wahadhiri, wanafunzi wa vyuo, hata wa kawaida. Katika walimu wenzangu sikujua nani anapeleka habari kwa nani. Siku ile ya kwanza nilipoiona ile midomo miwili, kabla sijafikiri lolote nilitazama nyuma, kuona ni mwalimu gani mwingine kaiona. Mmoja alikuwa ananitazama. Hakuwatazama watoto, alinitazama mimi. Ndipo nikamwita kiranja.

Wiki ya tano baba yao aliwaondoa shule.

Mwanamaji wa Kongowea

Mwalimu, shikamoo. Nakushukuru kwa kuandika.

Ulisikia walikokwenda?

Mwalimu Mstaafu 1971

Marahaba. Sikusikia. Yule dada, siku ya mwisho, alifagia ofisi kwanza.